Njia ya Vitshumbi na Hesabu ya Mazutu



Mwezi huu ninawaomba tufanye safari pamoja mpaka Vitshumbi, kwenye ziwa Édouard. Wengi wenu mnaoishi kwenye machimbo, pale Rubaya, Walikale ao Kamituga, hamjafika huko. Lakini labda siku moja mlikula samaki ya chumvi kwa foufou, bila kuuliza ilitoka ziwa gani na ilipandishwa na gari gani. Leo tuulize.

Na katika safari hii nitasema juu ya kitu ambacho watu wanakiona kuwa kidogo: reservwari ya kamioneti, na kilometa ambazo inaweza kukufikisha wakati unavuta remorki. Usiseme, "Hayo ni maneno ya mafundi wa garaji." Juu ya litri chache za mazutu nimeona watu wawili waliosali benchi moja wakikataa kupeana mkono. Nimeona samaki ya akina mama ikiharibika njiani, na mtaji wa familia nzima ukitupwa pembeni ya barabara. Kwa hiyo jambo hili ni la nyumbani pia.

VITSHUMBI NI FASI GANI

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa ziwa Édouard, katika teritware ya Rutshuru. Ziwa lenyewe lina zaidi ya kilometa mraba 2,200. Sehemu kubwa iko kwetu Kongo, ingine iko Uganda. Maji yake yanatoka kwa mto Semuliki, yanakwenda ziwa Albert, na mwisho yanaingia Nile.

Kijiji hiki kiko ndani ya Parki ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Parki Albert. Upande wa Kongo sheria inatambua fasi tatu za uvuvi kwenye ziwa hili: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Ushirika wa wavuvi unaitwa COPEVI. Ukifika, utaona mitumbwi imepangwa ufukweni, akina mama wanapasua samaki, na wale ndege wakubwa wenye upara, marabu, wanatembea katikati ya watu kama wazee wa baraza, wakingoja matumbo ya samaki. Tembo naye anaweza kupita karibu na nyumba, na hakuna anayemuuliza kitambulisho.

Viboko walikuwa wengi sana. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 20,000 katika parki hii. Kufika mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, juu ya vita na uwindaji. Wavuvi wazee wanasikitika, kwa sababu mavi ya kiboko yanarutubisha maji, na maji yenye rutuba ndiyo yanalisha samaki.

Sasa shika neno hili moja, ndilo msingi wa safari yetu. Kwa kuwa kijiji kiko ndani ya parki, watu hawaruhusiwi kulima mashamba. Unga wa muhogo, maharagi, ndizi, chumvi ya kukaushia samaki, vyote vinatoka nje. Kwa hiyo gari linaloshuka Vitshumbi halishuki bure. Linashuka na magunia, linapanda na samaki. Ni muzigo kwenda, na muzigo kurudi.

BARABARA INASHUKA, KISHA INADAI

Toka Goma unashika barabara ya taifa namba 2. Unapita Kibumba, Rugari, Rumangabo, unafika Rutshuru, karibu kilometa 70. Unavuka Kiwanja, unapita Mabenga, unaingia uwanda mkubwa wa parki mpaka Rwindi, pale penye hoteli ya zamani ya watalii, karibu kilometa 60 ingine. Hapo barabara kubwa inaendelea kuelekea Kabasha, Kanyabayonga na Butembo. Wewe unaiacha, unafuata njia ya ziwa, karibu kilometa 20. Jumla ni kama kilometa 150. Kwenda na kurudi, 300.

Tazama sasa urefu wa inchi. Goma iko karibu meta 1,500 juu ya bahari. Kibumba inapita meta 1,700. Ziwa Édouard liko kwenye meta 900 na kidogo. Maana yake, ukishapita Kibumba gari linashuka karibu njia yote, na shofere anafurahi kuona mushale wa mazutu hausogei. Lakini furaha hiyo ni mkopo. Wakati wa kurudi, pamoja na samaki na remorki, lazima upandishe tena zile meta 800 na zaidi.

Watu wengi wanafikiri kilima ndicho kinakunywa mazutu yote. Si hivyo kabisa. Tufanye hesabu. Kupandisha tani moja mpaka meta 1,000 kunamaliza karibu litri moja ya mazutu, kwa injini ya kawaida ya gari. Kama kamioneti, remorki na muzigo wake vinafika tani nne na nusu, kilima chenyewe kinadai litri nne ao tano tu. Mazutu mengine yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa udongo. Gurudumu likizama kidogo katika vumbi ao matope, ni sawa na kupanda kilima kisichoisha. Kwenye udongo mbaya, nguvu ya kusukuma magurudumu inaweza kuwa mara mbili ao tatu kuliko kwenye goudron. Na remorki inaongeza magurudumu yake, uzito wake, na upepo inaoupiga. Tena unatembea na vitesi vidogo, injini inalia, na saa ya kilometa haiendi mbele.

Ndiyo maana mvua moja tu inaweza kugeuza hesabu yote.

RESERVWARI INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Hilux nyingi za miaka hii zina reservwari ya litri 80. Ile Land Cruiser kamioneti, tunayoiita 79, inatoka kiwandani na litri 130. Mutu akisikia 80, anagawanya: "Gari yangu inakunywa litri 12 kwa kilometa 100. Basi nitatembea kilometa 660." Kwenye karatasi ni kweli. Njiani si kweli, kwa sababu tatu.

Kwanza, si litri zote ni zako. Chini ya reservwari kuna uchafu na maji, na kwenye mwinamo paipu inaweza kuvuta hewa mbele mazutu hayajaisha. Gari la mazutu likivuta hewa halitawaka tena kwa kujaza tu. Lazima kutoa ile hewa kwa pompi ya mkono, na pompi ya sindano yenyewe inapakwa mafuta na mazutu, kwa hiyo kukauka kunaiumiza. Hesabu litri 10 za chini kama si zako. Umebaki na 70.

Pili, ile 12 ni ya gari jepesi. Ukivuta remorki yenye muzigo katika njia ya udongo, weka 20 ao 22. Sasa litri 70 zinakupa kama kilometa 318, si 660. Reservwari haikubadilika. Kazi ndiyo ilibadilika.

Tatu, kusimama nako ni kutembea kwa upande wa mazutu. Injini inayonguruma bila kwenda inakunywa karibu litri moja kwa saa. Kwa miaka mingi, kati ya Kiwanja na Kanyabayonga, magari yalizoea kungoja msafara wa askari juu ya watekaji nyara. Ungoje saa sita bila kuzima, umetoa litri sita bila kusogea hata hatua moja.

Tupige hesabu ya safari nzima. Kushuka Vitshumbi na magunia, litri 16 kwa kilometa 100, ni litri 24. Kupanda na samaki, litri 22 kwa kilometa 100, ni litri 33. Kungoja, litri 6. Jumla ni 63. Kwa zile 70 zako, umebaki na 7. Unaimba.

Sasa mvua inanyesha uwandani. Ile 22 inakuwa 28. Kupanda peke yake kunachukua litri 42. Ongeza 24 na 6, unapata 72. Umekosa litri mbili, na samaki iko nyuma yako, na usiku unaingia.

KESI YA LITRI 22

Miaka michache mbele ya vita ya 2022, ndugu mmoja mwenye kamioneti alikuja kwangu pamoja na shofere wake. Wote wawili walikuwa wakristo wa parokia moja pale Goma. Sitawataja. Mwenye gari alifungua daftari, akasema:

"Baba Pasta, huyu kijana ananiiba. Hii gari ikienda Rutshuru na kurudi, kilometa 140, inakunywa litri 17. Vitshumbi ni kilometa 300, inapaswa kunywa 36. Yeye anamaliza 58. Litri 22 zinakwenda wapi? Nimemukata mshahara miezi mitatu."

Shofere alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi yake alikuwa amejifungua, na deni ya hospitali lilikuwa halijalipwa. Alijibu kwa sauti ndogo: "Patroni, kwenda Rutshuru sivutake remorki. Vitshumbi navuta. Gari ndiyo ilikunywa."

Mwenye gari akacheka. "Gari haina mdomo."

Sikuwaambia nani ana haki. Niliwaomba tupime. Tulijaza reservwari mpaka shingoni, kwa pompi moja, gari likiwa limesimama sawasawa. Tukaandika kilometa. Mwenye gari mwenyewe akapanda mbele, mimi katikati. Tulibeba bidoni mbili zilizojaa, zimehesabiwa litri kwa litri. Tulipofika Vitshumbi tulijaza tena mpaka shingoni kutoka kwa bidoni: litri 23. Kisha akina mama wakapakia masanduku yao, remorki ikajaa, tukarudi. Njia ilikuwa kavu. Goma, kwa ile pompi ya kwanza, zikaingia litri 34. Jumla 57.

Mwenye gari aliangalia ile pompi muda mrefu. Hakucheka tena.

Halafu shofere alisema neno ambalo hakuna aliyemuuliza: "Patroni, mara moja niliuza litri tano kule ziwani, kwa mutu mwenye jenereta. Hiyo niliiba kweli. Lakini haikuwa 22, na haikuwa kila safari."

Wasomaji, hapo ndipo niliona faida ya hesabu. Mbele ya kupima, mmoja alikuwa mwizi mkubwa na mwingine mdhulumu mkubwa, na hakuna aliyeweza kusogea. Baada ya kupima, kila mutu alichukua sehemu yake. Mwenye gari alirudisha mshahara wa miezi mitatu, akatoa bei ya litri tano. Shofere alikubali. Waliendelea kufanya kazi pamoja, na daftari likabaki ndani ya gari, si ndani ya mfuko wa mmoja wao.

Wewe mwenye kupeleka kompresa ya machimbo juu ya remorki mpaka kwenye shimo, kesi hii inakuhusu sawasawa. Muzigo ni chuma, si samaki, lakini udongo ni ule ule. Mbele ya kumuita shofere mwizi, pima.

BIDONI, KADAFI NA MOTO

Mutu atasema, "Mazutu yakiisha, nitanunua kwa kadafi." Wale vijana wanaouza mafuta pembeni ya njia ndani ya bidoni na chupa wanasaidia wengi, siwezi kukana. Lakini katika uwanda wa parki hakuna kadafi. Na pale walipo, mazutu yanaweza kuwa na maji ao petroli ya taa. Ukilazimika kununua, acha bidoni itulie kwanza, kwa kuwa maji ni mazito, yanakaa chini. Mimina polepole kwa kitambaa safi, na zile za mwisho usizimimine.

Bidoni ya akiba ni kitu kizuri, lakini iheshimu. Mazutu hayashiki moto kwa upesi. Mvuke wake unahitaji joto la digri 50 na zaidi ili uwake. Esanse ni kitu kingine. Mvuke wake unawaka hata kwa baridi kali, unatembea chini kama nyoka, unatafuta sigara ao jiko. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, Kivu ya Kusini, gari la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Hapa Goma, Januari 2002, siku ambazo volkano Nyiragongo ilimwaga moto katika muji, stesheni moja ya esanse ililipuka wakati watu walikuwa wakichota mafuta, na makumi ya watu wakaungua.  Mufundishe watoto wenu: mafuta yaliyomwagika si baraka, ni kaburi.

MASHAURI KWA WENYE SAFARI

1. Jua kiasi cha gari lako wewe, si la jirani. Jaza mpaka shingoni, andika kilometa, tembea, jaza tena. Litri zilizoingia zidisha kwa 100, gawanya kwa kilometa. Litri 38 kwa kilometa 180 ni 21. Fanya mara moja bila remorki, na mara moja nayo.

2. Usigawanye reservwari nusu kwa nusu. Kwa Vitshumbi, toa kwanza zile litri za chini, kisha weka fungu moja la kushuka na mafungu mawili ya kupanda. Ukifika ziwani na umeshamaliza zaidi ya theluthi, tafuta mazutu mbele ya kupakia.

3. Bidoni ya litri 20 ifungwe nje, imesimama, mbali na samaki na mbali na watu. Na isiuzwe. Kule ziwani watakuletea bei nzuri. Ile bei ni ya leo, njia ni ya kesho.

4. Remorki isiyo na breki, watengenezaji wengi wanaipa mpaka wa kilo 750, gari na lote. Sanduku moja zaidi linakunywa mazutu wakati wa kupanda, na linakusukuma wakati wa kushuka toka Kibumba kuingia Goma. Weka uzito kidogo mbele, kama sehemu moja katika kumi juu ya ndoano, ili remorki isicheze mkia.

5. Pima upepo wa pine zote, na za remorki pia. Pine laini kwenye njia ngumu ni kilima kingine. Na ukingoja, zima injini.

6. Akina mama wa samaki, msiogope kuuliza mbele ya kulipa. "Shofere, reservwari imejaa? Bidoni iko wapi?" Si ukosefu wa adabu. Mutaji wenu ndio unapanda lile gari, na samaki mbichi haingojei mutu aliyekwenda kutafuta mazutu kwa pikipiki. Shofere mwenye akili atafurahi kuulizwa. Yule anayekasirika amekwisha kukujibu.

NJIA HII KATIKA SIKU HIZI

Nimewaeleza njia jinsi tulivyoijua mbele. Oktoba 2022 vita ilifika Rutshuru na Kiwanja, mwaka 2024 ikafika Rwindi na Vitshumbi, na Januari 2025 ikaingia Goma. Familia nyingi zilikimbia, zingine zaidi ya mara moja. Kwa hiyo usichukue maneno yangu kama ruhusa ya kusafiri. Uliza kwanza wale waliotoka huko juzi, si mwaka jana. Katika wakati kama huu hesabu ya mazutu inakuwa nzito zaidi, kwa sababu gari linaweza kurudishwa nusu ya njia, na lazima liwe na litri za kurudi nazo.

Mnakumbuka wale wanawali kumi ambao Bwana wetu alisimulia. Wote kumi walikuwa na taa, wote walisinzia. Kilichowatenganisha ni akiba, na usiku wa manane hakuna aliyeweza kumukopesha mwenzake. Mara nyingi tunalihubiri neno hilo juu ya mbingu, na ni vizuri. Lakini shofere wa Vitshumbi analielewa mbele ya wengine wote, kwa kuwa amekwisha kuona, kwenye uwanda ule, magari mawili yamesimama na hakuna hata moja lenye litri ya kumpa jirani.

Basi wewe baba mwenye gari, nunua daftari, halina bei kubwa. Wewe shofere, andika kila litri, hata ile inayokuaibisha. Na wewe mama, hesabu pamoja nao. Jioni, mbele ya kulala, fungueni lile daftari mezani na watoto wakiona. Watajifunza kugawanya na kuzidisha, na watajifunza pia kwamba mutu mwenye haki haogopi kupimwa.

Safari njema, na mufike na samaki yenu ikiwa nzima.